Uliambiwa Inavuta Tani Moja na Nusu, Ikakufia Mai Mahiu: Hizi Ndizo Haki Zako

Wacha nianze na story ya cuzo yangu, juu ndio ilinifanya nikeshe nikisoma sheria kama mtu ako na mtihani kesho.

Cuzo ako na trela ya kuuza kahawa na smokie. Ilichomelewa na fundi wa jua kali, ikapakwa rangi ya manjano, kitu safi. Kazi yake ni kufuata watu mahali wako: harusi, tamasha, mechi za raga, na ile kubwa kushinda zote, Safari Rally pale Naivasha. Kila wikendi alikuwa anakodisha pickup ya jirani ya kuivuta, KSh 8,000, mpaka akachoka kufanyia mwenye pickup kazi. Akachukua mkopo wa Sacco, akaanza kusaka ndai yake mwenyewe.

Akaipata TikTok. Jamaa wa yadi ameegemea boneti, ngoma inagonga nyuma, anasema hii mnyama inavuta tani moja na nusu bila stress. Hata chini ya video wameandika hivyo: "Inavuta kilo 1,500." Cuzo hakulala. Akawatumia meseji WhatsApp: "Nataka ya kuvuta trela ya chakula, kama tani moja hivi. Hii itaweza?" Jibu likaja na emoji ya misuli: "Itaweza sana siz, hiyo ni kazi ndogo." Akalipa KSh 1.4 milioni.

Kuenda Naivasha hakukuwa na shida, juu kutoka Rironi hadi Mai Mahiu ni mteremko. Shida ilikuwa kurudi. Wakiwa nusu ya ule mlima, taa ikawaka kwa dashibodi, ndai ikaanza kunuka kama plastiki inachomeka, halafu ikakataa kabisa. Saa tano usiku, malori yanapita yakiwapigia honi, na kahawa yote imemwagika ndani ya trela.

Fundi alipofungua akasema giaboksi imeisha. Alafu tukatoa kile kitabu cha gari, kile chenye kila mtu huacha kwa droo juu kimeandikwa Kijapani. Tukakiweka kamera ya simu itutafsirie. Kwa ukurasa wa kuvuta, kitabu kilikuwa kinasema gari hii haikutengenezwa kuvuta trela. Si tani moja na nusu. Si nusu tani. Hakuna.

Cuzo akapigia yadi. Wakamjibu, "Madam, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Si iko kwa risiti?"

Sasa hapo ndio wasee wengi huachia. Mimi si wakili, hata campus sikumaliza, lakini sheria zote za Kenya ziko mtandaoni bure kwa tovuti ya Kenya Law. Hii ndio maana yake, kwa lugha ya mtaa.

Kwanza, elewa vile hiyo namba hukudanganya

Kuna uongo wa wazi, kama wa cuzo. Lakini kuna ule uongo mjanja zaidi, wenye namba ni ya ukweli lakini hawajakuambia yote. Huo ndio huwapata wenye wananunua pickup.

Chukua zile double cabin za kisasa. Nyingi hutangazwa kuwa zinavuta kilo 3,500. Namba ni ya ukweli. Lakini ni ya trela iliyo na breki zake yenyewe. Trela bila breki? Kwa hizo hizo pickup, namba kwa kawaida hushuka hadi kilo 750. Na wewe jiulize, trela ngapi za kuchomelewa jua kali umeona ziko na breki?

Mtego wa pili ni hesabu ya uzito. Kila gari iko na uzito wake ikiwa tupu. Iko pia na uzito wa mwisho inaruhusiwa kufika ikiwa imejaa watu na mizigo, huo huitwa GVM. Halafu kuna uzito wa mwisho wa gari na trela zikijumlishwa pamoja, huo huitwa GCM. Matangazo hupenda sana ile namba ya kuvuta. GVM na GCM huzipati kwa bango.

Tufanye hesabu ya mfano. Pickup ikiwa tupu ni kilo 2,050. GVM ni 3,100. GCM ni 5,850. Tangazo linasema inavuta 3,500. Sasa jaza pickup hadi mwisho, watu watano na magunia nyuma, ifike 3,100. Toa hiyo kwa 5,850. Umebaki na kilo 2,750 za trela. Zile kilo 750 zingine za tangazo zimepotea, na hakuna mtu alikuambia. Ukitaka kuvuta 3,500 kamili, pickup yenyewe haifai kupita 2,350. Yaani ikishatoka uzito wake tupu, umebaki na kilo 300 za watu, mafuta ya ziada na mizigo. Na hapo bado trela haijakalia hiyo hook. Trela hulalia gari kwa uzito fulani, mara nyingi kama asilimia 10 ya uzito wake, na hiyo nayo inahesabiwa kama mzigo wa gari.

Mtego wa tatu ni hook yenyewe. Gari inaweza kuwa ya kilo 2,500, lakini hook iliyofungwa na fundi ni ya kilo 1,200. Nguvu yako ni ile ya kitu dhaifu zaidi hapo katikati.

Mtego wa nne ni milima yetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na ukipanda Mai Mahiu kurudi unapita mita 2,000. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hivyo ile nguvu ya karatasi si ile utapata Kikopey.

Na usidhani ni mambo ya trela tu. Ile Probox ya van kila mtu anaamini haijui kuchoka, Japani iliandikiwa mzigo wa kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watano. Sasa fikiria vile sisi huipakia.

Sifa na ahadi ni vitu viwili

Hapa ni muhimu, juu ndio mahali kesi nyingi hushindwa au kushinda.

Muuzaji akisema "hii ni simba wa barabara" au "hii chuma haina mpinzani," hizo ni sifa za soko. Huwezi mpeleka kortini juu hukupata simba. Lakini akisema "inavuta kilo 1,500," hiyo ni kauli inaweza kupimwa. Ni ukweli ama ni uongo. Ukinunua juu ya hiyo kauli, sheria inaingia.

Sheria zenye ziko upande wako

*Katiba, Kipengele cha 46.* Inasema mteja ako na haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na kitu amenunua, haki ya kulindwa afya, usalama na pesa zake, na haki ya kufidiwa akipata hasara juu bidhaa ilikuwa na kasoro. Hiyo ya habari ndio inagusa mambo yetu moja kwa moja.

*Sheria ya Kulinda Wateja, Nambari 46 ya 2012.* Hii inakataza kusema bidhaa iko na uwezo, matumizi au ubora ambao haina. Na haishii kwa uongo wa wazi. Inashika pia mtu anayetia chumvi, anayesema kwa mafumbo, au anayeficha jambo kubwa kwa njia ya kumpotosha mteja. Kwa hivyo ile "inavuta 3,500" bila kusema "lakini trela lazima iwe na breki" unaweza kuiweka mezani.

Sheria hiyo inasema mkataba uliofanywa juu ya udanganyifu kama huo, hata kama ulikuwa wa mdomo, mteja anaweza kuuvunja na kudai fidia. Lakini saa inahesabu: lazima umpe muuzaji notisi ndani ya mwaka mmoja tangu mkubaliane. Na kama gari haiwezi kurudishwa tena, bado unaweza kudai tofauti ya ile pesa ulilipa na ile thamani ulipata kweli, ama fidia ya hasara.

*Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31.* Hii ni ya zamani lakini bado inauma. Inasema mambo mawili ya kushika. Moja, kitu kikiuzwa kwa maelezo, lazima kifanane na hayo maelezo. Mbili, ukimwambia muuzaji anayefanya biashara hiyo kazi yenye unataka kitu kifanye, na ukategemea ujuzi wake, lazima kitu hicho kifae kwa hiyo kazi.

Hapo kwa mbili kuna shimo. Ukiingia yadi ukasema tu "nipatie hii modeli, mwaka huu, rangi nyeupe," bila kusema utaitumia kufanya nini, muuzaji anaweza kusema uliitisha gari kwa jina lake na ukapewa hiyo hiyo. Ndio maana ile meseji ya cuzo ya WhatsApp ilikuwa dhahabu. Alisema kazi, akataja uzito, akauliza kama itaweza. Jibu likabaki pale na tiki mbili za bluu.

Faida ingine ni kwamba sheria hii haiulizi kama ulinunua ndai ya familia au ya hustle. Zote zinaingia.

*Sheria ya Ushindani, Nambari 12 ya 2010.* Hii inasimamiwa na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK. Nayo inakataza matangazo ya uongo kwa wateja, na CAK wako na nguvu ya kuchunguza kampuni na kuichukulia hatua.

"Bidhaa ikishauzwa hairudishwi" je?

Hiyo sentensi hutisha watu, na hiyo ndio kazi yake. Kama ulibadilisha tu mawazo juu ya rangi, sawa, muuzaji halazimiki kukurudishia. Lakini kama alikudanganya kuhusu uwezo wa gari, hawezi kuchapisha laini moja kwa risiti ikafuta haki zenye sheria imekupatia. Sheria ya Kulinda Wateja inasema haki zake zinabaki hata kama mlikubaliana vingine.

Sasa usijidanganye pia. Ukinunua kwa mtu binafsi anauza gari yake ya nyumbani, ile haki ya "lazima ifae kwa kazi yangu" haikusaidii, juu yeye si mfanyabiashara wa magari. Kwake utabaki na maelezo aliyotoa na uongo aliosema. Na kama kuna broka katikati, angalia jina lenye liko kwa mkataba na mahali pesa iliingia. Huyo ndiye wa kumshika, si yule mse alikuwa anakuzungusha na funguo.

Imekupata? Fanya hivi, kwa mpangilio

1. *Wacha kuvuta.* Ukijua gari haiwezi na bado unaivutisha, hasara inayofuata ni yako. Pia ikitokea ajali, kampuni ya bima inaweza kutumia huo uzito kama sababu ya kukataa kulipa. Na kuna maisha ya watu huko barabarani.

2. *Hifadhi ushahidi leo, si kesho.* Video ya TikTok inaweza kufutwa kwa dakika moja. Irekodi, piga skrinshoti ionyeshe tarehe na jina la akaunti. Weka meseji, mkataba, risiti, taarifa ya M-Pesa au benki. Kama mliongea kwa simu tu, andika meseji ya kukumbusha: "Vile uliniambia jana kwa simu kwamba inavuta tani moja na nusu..." Akijibu, umempata.

3. *Pima trela yako.* Peleka kwa mizani ya malori, kuna za watu binafsi kwa wauzaji wa vyuma chakavu na mawe ya ujenzi. Chukua karatasi ya uzito. Ya cuzo ilitoka kilo 980, ikiwa na mashine ya kahawa na mitungi ya gesi ndani. Kama yake ingekuwa kilo 1,800, yadi ingesema alipitisha ile ahadi, na wangekuwa na point.

4. *Pata ripoti ya mtu huru.* Si fundi wa yadi, si beshte yako. Fundi mwenye gereji inayojulikana, au watu wa ukaguzi kama AA Kenya. Ripoti iseme nini iliharibika na kwa nini. Ambatanisha ule ukurasa wa kitabu cha gari pamoja na tafsiri.

5. *Andika barua ya madai.* Ukurasa mmoja. Walisema nini, lini, wewe ulisema unataka kufanyia nini, ukweli umetoka kuwa gani, unataka nini, na siku ngapi unawapa. Siku 14 ni sawa. Usitukane, usitishe. Barua hii ndio notisi yako, kwa hivyo itumie ndani ya mwaka. Na fanya haraka: ukikaa na gari miezi mingi ukiitumia kama yako, korti inaweza kusema uliikubali. Hapo utabaki kudai fidia, lakini kuirudisha itakuwa ngumu.

6. *Peleka malalamiko CAK.* Ni bure. CAK si wakala wako wa kukusanya deni, lakini hakuna yadi inapenda kupokea barua kutoka kwao.

7. *Nenda Mahakama ya Madai Madogo.* Hapa ndio kwenyewe. Ilianza kazi Milimani mwaka wa 2021 na sasa iko kaunti nyingi. Inasikiza madai ya hadi KSh 1 milioni. Huhitaji wakili. Kesi inafunguliwa mtandaoni, na sheria inataka hukumu itolewe ndani ya siku 60 tangu ufungue. Hakimu habanwi na zile kanuni ngumu za ushahidi, kwa hivyo skrinshoti zako zitaangaliwa.

Wengi husema, "Lakini gari ilinigharimu zaidi ya milioni." Soma vizuri. Kinachohesabiwa ni kile unadai, si bei ya gari. Kama unataka kuvunja mkataba na kurudishiwa 1.4M yote, hiyo inaenda kwa mahakama ya hakimu, na hapo tafuta wakili. Kama unadai hasara peke yake, unaingia Madai Madogo bila shida.

Kabla hujalipa hata thao moja

Ndugu yangu, dada yangu, dawa ya hii ugonjwa ni rahisi kuliko kesi.

Uliza maswali manne kwa maandishi: inavuta ngapi trela ikiwa na breki, ngapi bila breki, GVM ni ngapi, GCM ni ngapi. Muuzaji akianza kuzunguka, umepata jibu. Itisha kitabu cha gari hata kama ni cha Kijapani, na ukitafsiri kwa simu ukiwa pale pale. Angalia kile kibati cha uzito kwa mlango au chini ya boneti. Angalia hook imeandikwa kilo ngapi. Kuwa makini sana na magari madogo ya giaboksi ya CVT, juu mengi hayakutengenezwa kuvuta chochote.

Halafu hakikisha mkataba wenu uko na laini moja tu zaidi: "Muuzaji anathibitisha gari hii inaweza kuvuta trela ya kilo kadhaa." Muuzaji anayesema ukweli ataweka sahihi. Anayekataa, mwachie gari yake. Wazee walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi hujitembeza na ring light.

Cuzo je?

Hakudai gari yote. Aliamua kudai hasara: giaboksi KSh 165,000, breakdown ya usiku KSh 18,000, na deposit ya KSh 40,000 ambayo ilibidi arudishie bibi harusi mwenye alikuwa amemlipa wikendi iliyofuata. Jumla KSh 223,000. Barua ya siku 14 hawakujibu. Alipofungua kesi, simu ikaanza kulia. Yule jamaa wa misuli sasa alikuwa anamwita "dadangu."

Walikubaliana nje ya korti, KSh 190,000 kwa awamu mbili, na makubaliano yakaandikwa na kupelekwa kortini ndio wasigeuke. Si pesa yote. Alisema afadhali hiyo kwa mkono kuliko kungoja.

Ndai bado ako nayo, inampeleka soko na kumrudisha. Sacco bado inakata kila mwezi. Na wikendi trela ya manjano inavutwa na pickup ya jirani, KSh 8,000, kama zamani. Anatafuta pickup sasa, pole pole. Juzi alinitumia skrinshoti ya ingine imeandikwa "inavuta tani tatu na nusu." Chini yake alikuwa ameshawauliza: "Na breki ama bila?"

Walikuwa wamesoma. Hawakuwa wamejibu.